Niliuza ya chumbani kwa buku buku, mke wangu naye akalipia kama mteja

#1 Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Naandikia simu, kwa hiyo nitashusha kwa vipande.

Mimi ni mwandishi. Najua wengine mtacheka. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili shule moja ya binafsi hapa Morogoro, mshahara ukawa hausomi miezi miwili mitatu, mwisho nikaacha. Wakati huo nilikuwa nimeshatoa riwaya moja. Nimeiandika miaka minne, muswada ukakaa kwa mchapishaji miaka mitatu. Siku kitabu kinatoka nilichinja jogoo. Mwaka ulipoisha wakaniletea hesabu: nakala 146, bei 6,000, mrabaha asilimia 10. Jumla 87,600. Wakakata kodi ya zuio asilimia 15, nikashika 74,460. Jogoo mwenyewe nilimnunua 18,000.

Mchapishaji akaniambia ukweli, na simlaumu: kitabu kisipopata ithibati ya kutumika shuleni, hapa nchini kinauzwa kwa ndugu na majirani tu. Na ndugu wanataka cha bure.

Mke wangu ni fundi cherehani, ana fremu ndogo Mafiga. Mwaka mzima yeye ndiye aliyelipa kodi, 80,000 kwa mwezi, Kihonda, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Hakuwahi kunisema. Alikuwa ananiambia, "Andika, cherehani inatutosha kwa sasa." Hiyo "kwa sasa" ndiyo iliyokuwa inanila usiku.

Nilipokuwa mwalimu, nilikuwa nawanyang'anya wanafunzi simu zenye chombezo, zile simulizi za mapenzi ya chumbani. Kuna binti wa kidato cha tatu nilimsimamisha mbele ya darasa dakika arobaini nikitoa nasaha kuhusu fasihi na uchafu. Mkumbuke hilo.

Basi, siku moja mtu akanitumia meseji. Anamiliki magrupu ya simulizi, yale ya kulipia. "Nimesoma kitabu chako. Kiswahili unakijua, ila unaandika kama unaogopa mtu. Nakulipa 5,000 kila sehemu."

Nikamwuliza simulizi za aina gani.

"Visa vya kweli. Vya akina dada. Ongeza pilipili."

Naendelea jioni, chaji inaisha.

#2 Dereva Mstaafu

Naweka kambi hapa. Nimeshusha na mkeka.

#3 Chai ya Rangi

Hii chai haina hata tangawizi. Mtu ananunua jogoo 18,000 kwa ajili ya kitabu?

#4 Mkataa Ndoa

Nimesoma kichwa cha uzi tu, tayari nina jibu. Tunawaambia kila siku hamsikii.

#5 Mama Wawili

Mkuu shusha vitu, usituache na arosto. Ila hapo kwenye "ya chumbani" roho imeniruka.

#6 Kalamu Butu (mleta uzi)

Nimerudi. Wa chai, kunywa polepole.

Nikachagua jina la kike. Sehemu mbili za kwanza nilizitoa kichwani na wasomaji wakanibamba mara moja, maana asilimia kubwa ni wanawake. Mmoja aliandika, "Huyu dada mbona anaoga kama askari?" Grupu zima likacheka. Tajiri wa magrupu akanipigia: "Una mke. Si umuulize?"

Nikaanza kumuuliza.

Hapa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu ndipo ninapokosa usingizi. Sikumchunguza simu wala sikumrekodi. Nilikuwa namsubiri taa izimwe, namgeukia, namuuliza maswali. Ulijisikiaje siku ile? Kabla hujaolewa ulikuwa unawaza nini? Wakubwa walikwambia nini ulipokuwa ndani? Yeye ni mtu wa pande za Matombo, kwa Waluguru, na kwao mwali anawekwa ndani na anafundwa kweli kweli. Yale ya kungwi hayasemwi kwa mwanaume, hata mume. Mwanzoni alicheka, akanipiga mto. Kisha siku moja akasema jambo dogo. Kesho yake jingine.

Wiki ya pili hivi akanishika mkono gizani akasema, "Siku hizi unanisikiliza."

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa chooni, nimekalia ndoo, naandika.

Hela ikaja. Mwanzoni 35,000 kwa wiki. Baada ya miezi mitatu nikajitoa kwa yule tajiri, nikafungua grupu langu, buku kwa wiki. Wakafika watu 340. Piga hesabu mwenyewe. Nikalipa kodi, nikanunua mtungi mkubwa wa gesi, nikamnunulia mke wangu cherehani ya umeme. Nilimwambia nafundisha tuisheni kwa mtandao, nikasajili na laini ya pili "ya wazazi wa wanafunzi". Akawa anawasimulia majirani: mume wangu anafundisha watoto mpaka wa Dar. Cherehani ile kwa kweli alijinunulia mwenyewe, ila hakujua.

Nikiwaambia nilikuwa naona aibu kila siku nitakuwa nadanganya. Siku nyingi nilikuwa naona raha. Unaweka sehemu saa mbili usiku, saa mbili na dakika tatu komenti sitini. "Dada unajua." "Dada umenitoa machozi." Riwaya yangu ya miaka minne sikuwahi kupata hata komenti moja, zaidi ya mjomba aliyesema herufi ni ndogo.

#7 Dereva Mstaafu

Kukalia ndoo chooni alfajiri unaandika siri za mkeo. Mkuu umeniharibia chai yangu halisi.

#8 Karani wa Zamani

Nitatoka kidogo nje ya mstari. Msimcheke mleta mada kwa suala la kuandika mapenzi. Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni kwa mambo hayo hayo ya mwili, leo ni riwaya inayoheshimika na watu wanafanyia tasnifu. Na kuandika kwa ajili ya hela nako si dhambi. Sisi wa umri fulani tulikua na vitabu vya upelelezi vya mfukoni, tunavisoma chini ya dawati. Ben Mtobwa alifika hatua ya kuwa na kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko, asitegemee mtu. Biashara ile ilikuwa na heshima yake. Lakini Joram Kiango, mpelelezi wa vitabu vya Mtobwa, alikuwa mtu wa kubuni, hakuwa mke wa mtu anayelala chumba cha pili.

#9 Chai ya Rangi

Mzee wangu Karani leo umenifurahisha. Ila bado nasema ni chai. Endelea mleta mada.

#10 Kalamu Butu (mleta uzi)

Mzee Karani, hiyo sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara nne.

Alivyojua sasa. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye, kwa utulivu ambao ulinitisha kuliko kelele.

Alikuwa fremuni anampima mteja kiuno, tepu mkononi, pini tatu mdomoni. Rafiki wa mteja amekaa kwenye benchi anasoma simu kwa sauti, wote wawili wanacheka. Ilikuwa ni sehemu ambayo dada wa kwenye simulizi anajifunga kanga nyekundu ya marehemu bibi yake, imeandikwa Japo Sipati Tamaa Sikati, pembeni ina alama ya kuungua, ncha ya pasi ya mkaa.

Kanga hiyo iko kwenye sanduku letu. Aliyeichoma ni yeye, akiwa na miaka kumi na mbili.

Anasema hakutikisika. Alitoa pini mdomoni, akaandika kipimo kwenye daftari: kiuno 38. Mteja alikuwa 32. Gauni lile lilirudi likiwa kama turubai, ikabidi alifumue lote.

Hakuniambia kitu. Usiku ule nilipomgeukia akanisimulia habari ya shangazi yake wa Kilosa, ambaye kila Ijumaa alikuwa anajipaka ndimu kwenye nyayo akimsubiri mumewe, na kwa nini. Alinieleza kwa kirefu, na mpaka sauti akaigiza. Nikaona hii dhahabu. Jumatatu nikaiweka. Grupu liliwaka, haijawahi kutokea. Wanawake wakawa wanatumiana picha za ndimu.

Hana shangazi Kilosa. Baba yake ni mtoto pekee. Nina miaka tisa kwenye ile familia, harusi yetu walihangaika kutafuta mtu wa kusimama kama shangazi mpaka wakaazima jirani. Jambo hilo nalijua kama jina langu. Ila siku ile masikio yangu yalikuwa ya mnunuzi.

Alhamisi yake, saa moja usiku, laini ya pili ikalia. Umepokea Tsh 1,000 kutoka kwa, halafu majina yake matatu.

Nilijidanganya kwamba ni mtu wamefanana majina. Nikatazama namba. Ilikuwa yake. Yule mteja alimpa namba ya kulipia, na ukituma hela si unaonyeshwa jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri? Jina lililotokea ni langu, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Alikuwa jikoni, hatua nne kutoka nilipokaa. Nilimsikia anakuna nazi. Hakuharakisha. Alipika wali, akapakua, akaleta, akaninawisha mikono kama siku zote. Kisha akakaa mbele yangu akasema:

"Nimelipia. Niunge."

#11 Mama Wawili

Weeeee.

#12 Mkataa Ndoa

Leo sina la kusema. Huyu mwanamke nampigia saluti.

#13 Ngariba wa Maneno

Aliposema niunge ulimuunga?

#14 Kalamu Butu (mleta uzi)

Sikumuunga. Nilifuta grupu palepale mbele yake, nikidhani nafanya jambo la maana. Akaniuliza, "Na waliokwisha kusoma unawafuta vipi?"

Asubuhi alipanda treni ya SGR kwenda Dodoma kwa dada yake. Ile cherehani ya umeme aliiacha, hata waya hakuuchomoa. Alichukua kichwa cha cherehani yake ya zamani, ya kukanyaga, akakifunga kwenye ile kanga. Mnajua uzito wa kichwa cha cherehani. Nilitaka kumbebea mpaka kwenye bodaboda, akanitazama tu, nikarudi nyuma.

Mshenga wetu amekwenda mara mbili. Mama mkwe yeye aliomba aongee na mimi kwa simu. Nilijiandaa kwa matusi. Akaniambia, "Mwanangu ungemvua nguo yeye peke yake ningesema ni mambo yenu. Lakini yale si yake. Ni ya mama yangu na mama wa mama yangu. Umetuvua sote, na sisi wengine tuko kaburini." Akakata.

Na hapo ndipo nilipogundua kuna mtu alishakusanya sehemu zote hamsini na mbili za grupu langu akazifanya PDF. Inazunguka bure. Mimi niliyekuwa nalia kila siku kwamba wizi wa kazi unawaua waandishi wa Kiswahili, nimekaa nawapigia watu wa magrupu simu moja baada ya nyingine, tafadhali futa, tafadhali usisambaze. Mmoja akanijibu, "Kwani wewe ni mumewe huyu dada?"

Ushauri ninaouomba ni huu. Kwenye laini kuna 1,870,000. Sijaigusa. Kodi inaisha mwisho wa mwezi. Yule tajiri amesikia nimefunga, anataka kununua lile jina la kike pamoja na orodha ya wasomaji kwa milioni tatu, ataweka mwandishi mwingine. Na ninao muswada mwingine, safi, nimeumaliza, hauna hata mstari mmoja wa mke wangu. Nilikuwa nataka kuupeleka kwenye Tuzo ya Nyerere ya uandishi bunifu. Mshindi wa kwanza anapata milioni 10 na kitabu kinachapishwa. Nikichukua milioni tatu nitaishi vizuri huku nasubiri matokeo. Nisipochukua, sijui.

#15 Wakili wa Mtaa

Tuanze na sheria, hisia baadaye.

Kwanza, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, inakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, na simu imo. Sijasoma ulichoandika, lakini kama ni chombezo kama ninazozijua, usijisifie idadi ya wasomaji hadharani.

Pili, tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Orodha ya namba za watu 340 siyo maembe, huwezi kumuuzia mtu bila ridhaa yao.

Tatu, kuhusu ndoa: kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kawaida shauri la talaka haliendi mahakamani kabla ya kupita baraza la usuluhishi la ndoa. Kwa hiyo kama bado hujaitwa barazani, huenda mkeo hajaanza safari hiyo. Usitumie muda huo kutafuta kodi.

#16 Dereva Mstaafu

Kodi nayo atalala wapi wakili? Tuwe wakweli. Mimi nimeendesha lori miaka ishirini na mbili, nimebeba vitu ambavyo sikuuliza ni nini. Njaa haina darasa. Mkuu, hela iliyopo itumie ulipe nyumba, mkeo akirudi asikute mnalala nje. Ile milioni tatu achana nayo.

#17 Ngariba wa Maneno

Hela iliyopo ni ya mke. Yote. Mtumie hata senti isibaki.

#18 Mama Wawili

Ukimtumia atairudisha. Mimi ningerudisha. Unamlipa nini, sehemu hamsini na mbili kwa bei ya jumla?

#19 Ndimu Chachu

Mimi nilikuwa kwenye hilo grupu.

Nimesoma huu uzi tangu asubuhi mikono inatetemeka. Ndimu nilipaka, wakubwa. Wiki mbili. Mume wangu akaniuliza kama nina fangasi.

Lakini silo lililonileta. Tulijua ni dada mwenzetu. Ulikuwa unatuambia, "Mwenye kisa chake anitumie faragha, nitakutunzia." Nilikutumia. Nilikaa siku tatu nakiandika, sijawahi kumwambia mtu. Ukanijibu "pole mdogo wangu, Mungu anakuona". Nakuuliza mbele za watu, sehemu ya 41, yule mdogo wake na shemeji, ni mimi?

#20 Kalamu Butu (mleta uzi)

Ni wewe. Nilibadilisha mkoa.

#21 Ndimu Chachu

Ahsante kwa kubadilisha mkoa.

#22 Chai ya Rangi

Naondoa neno langu la chai.

#23 Karani wa Zamani

Mleta mada, kuhusu ule muswada safi. Ninakuuliza kama msomaji tu, usinijibu hapa. Uliuandika lini? Kama uliuandika miezi ileile, asubuhi chombezo na mchana fasihi, usome upya kabla hujaupeleka popote. Nimehariri magazeti miaka mingi. Mwandishi akishazoea kuweka ndoano kila mwisho wa ukurasa, huwa haitoki, hata kwenye barua ya msiba ataiweka. Tazama huu uzi wako. "Naendelea jioni, chaji inaisha." Chaji iliisha kweli?

#24 Kalamu Butu (mleta uzi)

Ilikuwa asilimia 70.

#25 Ngariba wa Maneno

Uuuuwi.

#26 Mkataa Ndoa

Sasa mkuu, yale aliyofundwa ndani hujatuambia hata moja. Umetuzungusha na kanga na ndimu. Humu hatumjui mkeo, wala jina hujataja. Weka hata mawili tujifunze.

#27 Kalamu Butu (mleta uzi)

Hapana.

#28 Mkataa Ndoa

Umewauzia watu 340, sisi wa bure ndio unatukatalia?

#29 Mama Wawili

Mleta mada, mimi nina swali moja. Mkeo anajua kama uzi huu upo? Pini mdomoni, kiuno 38, maneno ya mama yake kwenye simu, amekuruhusu?

#30 Kalamu Butu (mleta uzi)

Hajui.

#31 Mama Wawili

Basi hii ni sehemu ya 53.

#32 Kalamu Butu (mleta uzi)

Nimekaa na hiyo komenti saa nzima.

Nilijiambia nimekuja kuomba ushauri. Nilipofika kwenye "Nimelipia. Niunge" nilisimama, nikaisoma tena, nikaikatia mstari wake peke yake ili iwapige vizuri. Sikuwa naomba ushauri pale.

Tajiri nimemjibu sasa hivi, hauziwi kitu. Mods, naomba mfute uzi huu wote, kuanzia posti ya kwanza. Ndimu Chachu, nakuja faragha, kama utakubali, na kama hutakubali pia naelewa. Kesho naingia kwenye treni. Sijui nitasema nini Dodoma, na nikijua sitakuja kuandika hapa.

#33 Dereva Mstaafu

Safari njema mkuu. Nenda na kile cherehani chake cha umeme? Au usiende nacho? Mimi ningekiacha.

#34 Wakili wa Mtaa

Kiache.

#35 Ngariba wa Maneno

Mods msifute kabla hatujajua kama alirudiwa!

#36 Mgeni wa Leo

Hata wakifuta hamna shida, nimeshahifadhi uzi wote toka mwanzo. Anayetaka PDF aje faragha.